Ziwa Mweru: Kwa nini vitabu na udongo havisimulii historia moja

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge kaskazini mwa Zambia, yalifunguliwa mwaka 2018 kuwapokea Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Kwa wengi, hiyo ni habari ya watu waliovuka mpaka. Hata hivyo, ukanda wa Ziwa Mweru na Mto Luapula ulikuwa na wakazi na watawala wake muda mrefu kabla ya mpaka huo kuchorwa na Waingereza na Wabelgiji. Habari zao zimehifadhiwa katika maandishi na chini ya ardhi, na mashahidi hao wawili hawakubaliani kila mara.

Maandishi: habari za ikulu

Miongoni mwa maandishi ya mwanzo kuhusu eneo hili ni yale ya Wareno. Francisco José de Lacerda e Almeida alifika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, mwaka 1798 na kufia huko. António Gamitto alifuata mwaka 1831. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru mwaka 1867, na katika mji wa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mmoja wa wafanyabiashara wa misafara iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani "Mababu zangu na watu wangu". Ni kazi ya Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, akisaidiwa na padri Edouard Labrecque. Kinaeleza jinsi Walunda walivyotoka magharibi, kwa Mwata Yamvo, na kulitwaa bonde la Luapula. Wanahistoria hukadiria kwamba utawala huo ulianza karibu mwaka 1740.

Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyefanya utafiti Luapula katika miaka hiyo, alibaini jambo linalohitaji tahadhari. Huko, anayerithi jina la mtangulizi hurithi pia undugu wake na matendo yake, na huyasimulia kwa kusema "mimi". Hivyo "nilivuka mto" yaweza kumaanisha mtu aliyevuka karne mbili zilizopita. Aidha, kila ukoo ulikuwa na historia yake. Kitabu kilipochapishwa, simulizi la ikulu lilipata nguvu ambayo masimulizi mengine hayakuwa nayo.

Udongo: habari za wasio na majina

Wanaakiolojia huanza mahali pengine. Katika eneo kubwa la kaskazini na mashariki mwa Zambia, David Phillipson alitambua mtindo wa vyungu uitwao Luangwa, ulioanza karibu karne ya 11 na kuendelea hadi nyakati za karibuni. Falme zilikuja na kuondoka, lakini vyungu havikubadilika sana.

Upande wa Kongo, kwenye bonde la Upemba, makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale yalichimbuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, kisha na wengine, akiwemo Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba watu waliishi hapo mfululizo kwa zaidi ya miaka 1,000. Baadhi ya makaburi yalikuwa na vyungu vingi, vitu vya shaba na mashoka ya heshima, ilhali mengine yalikuwa na vitu vichache tu. Tofauti za hadhi zilikuwepo basi karne kadhaa kabla ya wakati ambao wanahistoria wengi waliuhesabu kuwa mwanzo wa ufalme wa Waluba.

Je, waliozikwa Sanga ni Waluba wa kale? Inawezekana, lakini mifupa haisemi lugha wala haitaji kabila. Kwa upande mwingine, uhamiaji wa Walunda unaosimuliwa kwa fahari unaweza kupita bila kuacha alama kwenye vigae. Wageni wachache waliotwaa madaraka wakioa wenyeji, chungu hubaki kile kile cha wanawake wa mahali hapo. Lugha yatoa mfano wa karibu: leo Walunda wa Kazembe huzungumza Kibemba.

Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefungua njia ya kutumia masimulizi ya mdomo kama ushahidi, aliandika mwaka 1995 makala iliyouliza iwapo wanaakiolojia ni ndugu wa wanahistoria. Swali hilo lina uzito, kwa sababu kila upande hupenda kuazima jibu la mwenzake ili kuziba pengo lake. Kaburi likishapewa jina la mfalme wa kwenye simulizi, na simulizi likathibitishwa kwa kaburi hilo hilo, hakuna lililothibitishwa.

Kwa nini jambo hili lina uzito leo

Luapula, historia ni hoja ya ardhi na maji. Husimuliwa kwamba Nkuba, mkuu wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti. Mama huyo akamwomba Kazembe alipe kisasi, na baada ya ushindi akamkabidhi kikapu cha udongo na chungu cha maji. Kwa simulizi hilo huelezwa mamlaka ya Mwata juu ya nchi na uvuvi. Hakuna chimbuo linaloweza kulithibitisha wala kulikanusha, kwa kuwa linaeleza haki, na haki haiachi vigae.

Kinachoweza kuonyeshwa na udongo ni kwamba kabla ya kila "mwenye nchi" anayetajwa kitabuni walikuwepo wengine waliopika, waliovua na waliozikana pande zote za maji haya. Majina yao hayajulikani. Kigae kinachoibuliwa na jembe shambani ni sehemu ya kumbukumbu yao, nacho husaidia zaidi kikiachwa mahali pake na kuripotiwa, kwani kikiondolewa, wataalamu hupoteza njia ya kujua umri wake na kilizikwa pamoja na nini.