Nani Anayemaliza Tokeni?



Tulipohama Mombasa kuja Litein, katika nchi ya majani chai ya Kericho, tuliusiwa tujihadhari na baridi na ngurumo za alasiri. Hakuna aliyetuusia juu ya umeme. Hata miezi miwili haijatimia, tokeni za shilingi 1,000 zikawa zinatutosha siku kumi tu, na kila zilipokwisha lawama ilimwangukia mtu mmoja: wifi yetu, ambaye huwachapia watu kazi zao kwa kompyuta chumbani mwake. Mama alikuwa akiziona taa ndogo zikimulika gizani, ya ruta, ya spika, ya printa, na hata kipanya chenye mwanga mwekundu tumboni, akakata shauri kwamba hivyo ndivyo vinavyokula umeme wetu. (Alipoelezwa kwamba hata intaneti yenyewe watu huiita "wifi" alicheka kidogo, kisha akaendelea na hoja yake.)

Wifi hakujibu neno. Alianza kuchomoa ruta kila mara, hata kazi ya mteja mmoja ikachelewa na malipo yakapunguzwa. Hapo tukaona imetupasa kupima, kwani kumtuhumu mtu bila ya yakini si jambo dogo katika dini yetu.

Mita ya tokeni ina kijitaa kinachopepesa, na usoni pake huandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti. Yetu imeandikwa 1,000. Yuniti moja ni umeme wa wati 1,000 uliotumika kwa saa nzima, kwa hiyo mwenye saa na subira anaweza kujua kila kifaa kinakula kiasi gani. Tukazima kila kitu nyumbani, tukawa tunawasha kimoja kimoja, na mmoja wetu akasimama mbele ya mita.

Ruta ilipepesa mara moja kwa kila dakika sita, yaani wati 10. Ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 hula yuniti 7.2. Tulipogawanya fedha tulizolipa kwa yuniti tulizopewa, kodi zote zikiwamo, yuniti moja ilitufikia kwa karibu shilingi 28. Ruta basi ni shilingi 202 kwa mwezi. Kipanya na kibodi, vilivyolaumiwa sana, havifiki hata wati moja vyote viwili: kwa saa sita kila siku ni kama shilingi tano kwa mwezi. Printa inayongoja kazi tu, wati 2, shilingi 40.

Iliyotushangaza ni spika. Adapta yake ni ya kizamani, nzito kama jiwe, na ukiishika ina joto hata spika yenyewe ikiwa imezimwa. Ilikula wati 6 bila kutoa sauti yoyote, karibu shilingi 121 kwa mwezi kwa kitu kinachosikilizwa saa moja kwa siku. Kompyuta, ambayo ni ya mkononi, ilikula wati 45. Kwa saa sita za kila siku inafika shilingi 227. Tukajumlisha chumba kizima cha wifi tukapata kiasi cha shilingi 595.

Kisha mtoto, bila ya kuambiwa, akawasha birika la umeme.

Kijitaa kilipepesa kila sekunde mbili. Wati 1,800. Maji ya bomba ya Litein wakati wa alfajiri hukata vidole, na Mama tangu tufike alikuwa akichemsha birika zima kwa kila udhu. Sisi wengine tukichemsha la chai, la vyombo, la kumwogeshea mtoto. Tulihesabu mara kumi na mbili kwa siku, dakika tano kila mara. Hiyo ni saa nzima: yuniti 54 kwa mwezi, shilingi 1,512. Na tangu Aprili 2023 bei ya umeme wa nyumbani ina madaraja matatu, hadi yuniti 30, hadi 100, na zaidi ya hapo. Birika ndilo lililotuvusha 100, tukawa tunalipa bei ya juu hata kwa taa ya ukumbini.

"Maji ya udhu hayahitaji kuchemka," Mama alisema kwa sauti ya chini. Sote tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza israfu hata katika maji ya udhu. Kisha akamwita wifi, "Mwanangu, njoo," wakaingia ndani wakakaa kitambo. Waliyozungumza hatukuyauliza.

Sasa birika huchemshwa asubuhi na jioni tu, maji yakatiwa katika chupa za chai, na wakati wa kutawadha huchanganywa na ya baridi. Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi hawana shida hii; wao na wasimame mbele ya mita wawashe friji, feni na pasi. Spika huchomolewa ikishatumika. Ruta huzimwa baada ya Isha, ila usiku ambao wifi ana kazi, na radi ikianza kupiga tunachomoa vyote, kwani radi hupita katika nyaya ikaunguza vifaa.

Tokeni za shilingi 1,000 tulizinunua tarehe 3. Leo ni tarehe 17, na mita inasoma yuniti 7.