Springi Ngumu na Springi Laini

Juma lililopita mliombwa mlete springi moja, rula, na kopo lenye mpini wa waya. Asiye na springi akae karibu na mwenzake.

Tundikeni springi kwenye msumari, na kopo tupu chini yake. Simamisheni rula ubavuni, sifuri iwe juu. Ngojeni kopo litulie, kisha tazameni ukingo wake uko kwenye alama gani. Jicho liwe sawasawa na ukingo, maana ukitazama toka juu utasoma kingine. Kopo langu liko kwenye sentimita 10. Andikeni lenu.

Sasa mimineni maji gramu 100. Chupa ya nusu lita ikigawanywa mara tano, fungu moja ndilo hilo. Kopo langu limeshuka mpaka 12. Fungu la pili: 14. La tatu: 16. Bila shaka mmekwisha kuona jambo lenyewe. Kila mzigo ulio sawa huirefusha springi kwa kadiri iliyo sawa. Kanuni hii Mwingereza Robert Hooke aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1678.

Gawanyeni gramu 300 kwa sentimita 6, mtapata 50. Springi yangu hutaka gramu 50 ili irefuke sentimita moja, na hicho ndicho kipimo cha ugumu wake. Aliyepata 80 ana springi ngumu kuliko yangu, msibishane naye.

Mwageni maji. Kopo lirudi kwenye 10. Lisiporudi, springi imevutwa kupita kiasi, na hesabu yake haiaminiki tena.

Mtauliza, habari hii yatuhusu nini? Mizani ya kutundika inayopimia pamba au samaki ina springi kama hii, imefungiwa tu ndani ya kisanduku. Haijui kilo, inajua kurefuka. Tuseme alama zake ziliandikwa kwa springi inayotaka kilo 5 kwa kila sentimita. Mtu akiitoa akatia ya kilo 6, mzigo wa kilo 60 utaivuta sentimita 10 tu, na mshale utasema 50. Kilo 10 za mkulima zimekwenda. Na mizani hiyo ikiwa tupu, mshale husimama kwenye sifuri vizuri kabisa! Wengi huridhika hapo. Mimi mwenyewe niliridhika hivyo miaka mingi.

Basi tundikeni ndoo tupu, msome. Tieni maji lita 20, msome tena. Tofauti iwe kilo 20. Mizani ile niliyoitaja haitafika hata 17. Fanyeni hivyo mbele ya mnunuzi, kwa adabu, kabla gunia la kwanza halijatundikwa.

Juma lijalo leteni uzi wa mita moja na jiwe dogo. Kwaherini.