Karo ya Agosti, Bonasi ya Oktoba

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti chuoni Agosti au Septemba. Bonasi ya majanichai huwafikia wakulima wadogo wa Kericho na Bomet kufikia Oktoba, viwanda vya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, vikishafunga hesabu za mwaka unaoishia Juni. Wiki hizo chache huamua ni nani atakayeingia Chuo Kikuu cha Kabianga akiwa amelipa, na ni nani ambaye mzazi wake atakopa kwanza, mkopo na riba yake vikatwe kwenye bonasi kabla hajaishika. Kila tunapojadili karo tunauliza ni pesa ngapi. Kwenye chai, swali la zinafika lini lina uzito uo huo.

Mpango wa ufadhili wa vyuo vikuu uliotangazwa 2023 ulikuja kuwagawa wanafunzi katika ngazi tano kwa kuangalia kipato cha familia kwa mwezi. Katika ngazi ya kwanza mzazi alitakiwa kutoa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Katika ngazi ya tano, asilimia 40. Kilichobaki kilikuwa ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kwa kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, mzazi mmoja angedaiwa Sh10,000 na mwingine Sh80,000. Kipimo cha mwezi kinamfaa mwalimu mwenye pesilipu. Mkulima hupata malipo ya awali kwa kila kilo, yakaishia kwa wachumaji na unga, kisha husubiri bonasi, nayo haitabiriki. Mwaka 2025 ilishuka katika viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, na wakulima wakalalamika. Aliyepimwa kwa mwaka mnono hudaiwa karo katika mwaka mkavu.

Watetezi wa mpango huu watasema kipato cha mkulima hakipimiki. Lakini katika kituo cha kuuzia chai, kila gunia hupimwa kwa mizani na kilo zikaandikwa kwenye namba ya mkulima. Kiwanda kama Litein au Kapkoros kinajua mwanachama wake aliuza kiasi gani na kulipwa nini, mwaka baada ya mwaka. Kwa idhini ya mzazi, wastani wa miaka mitatu ungesema ukweli kuliko fomu inayojazwa kwa kukisia. Kweli, namba ya babu mmoja huweza kuchumiwa na nyumba tatu, na rekodi ikamwonyesha kila mmoja kuwa tajiri. Hilo chifu na wazee wa kijiji wanaweza kulithibitisha. Si sababu ya kuitupa rekodi nzima.

Wengine watauliza kwa nini mkulima asiweke akiba kwenye sacco. Wengi huweka, ila akiba haistahimili bonasi mbovu zinazofuatana. Vyuo navyo vina madeni na haviwezi kungoja bila kikomo. Havihitaji kungoja hivyo: mzazi akitia saini kiwanda kikate karo kwenye bonasi, chuo kitakuwa na hakika zaidi kuliko ahadi ya mdomo, na mtoto atafanya mtihani bila kufukuzwa. Utaratibu huo wa makato hautamsaidia kibarua wa mashamba makubwa, asiye na bonasi hiyo na ambaye mashine za kuchuma zinampunguzia kazi. Yeye anastahili ngazi ya kwanza, na pesa za kumweka huko zitapatikana tukiacha kuwapima wengine kwa kubahatisha.