Kwa nini hesabu za mtoto humkanganya mzazi

WAZAZI wengi nchini wamewahi kujipata katika hali hii: mtoto wa Gredi ya Tatu analeta daftari nyumbani, mzazi anamwonyesha jinsi ya kupata jibu, lakini mtoto anakataa katakata akisema mwalimu hakuwafunza hivyo.

Chukua mfano wa 52 kutoa 27. Mzazi ataandika nambari hizo moja chini ya nyingine, aone kuwa 7 haitoki katika 2, akope kumi kutoka kwa 5, kisha apate 25. Mtoto naye anaweza kuchora mstari wa nambari na kuanzia 27. Ataruka hatua 3 hadi 30, hatua 20 hadi 50, kisha hatua 2 hadi 52. Akijumlisha 3, 20 na 2, anapata 25 iyo hiyo.

Jibu ni moja, njia ni mbili. Tofauti hiyo haikuzuka jana. Inatokana na mabadiliko ambayo somo la Hisabati limepitia tangu enzi za ukoloni, na ambayo kila mara yamekwama pale pale: katika maandalizi ya mwalimu.

Wakati wa ukoloni, shule zilitengwa kwa misingi ya rangi, na Mwafrika alifunzwa hesabu za kumwezesha kuwa karani, fundi au mwalimu. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ndiyo yaliyokuwa mambo makuu. Watoto walikariri jedwali za kuzidisha kwa sauti moja, na aliyekosea alionja kiboko. Vipimo vilikuwa vya Kiingereza: maili, futi, inchi na ratili.

Mbinu hiyo ilikuwa na manufaa yake. Wazee wengi waliosoma wakati huo hupiga hesabu kichwani sokoni kabla ya muuzaji kushika kikokotoo. Hata hivyo, mwanafunzi alielezwa la kufanya bila kuelezwa sababu yake.

Mageuzi makubwa yalitoka mbali. Muungano wa Kisovieti uliporusha chombo cha Sputnik angani mwaka wa 1957, Marekani na nchi za Ulaya zilihisi kwamba zimeachwa nyuma katika sayansi, na zikaharakisha marekebisho ya masomo ya Hisabati. Wimbi hilo lilifika Afrika Mashariki mwaka wa 1962, wakati wataalamu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walipokutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vipya vya shule. Hisabati hiyo ya kisasa ilisambaa katika shule za Kenya baada ya uhuru.

Badala ya kukariri, mwanafunzi alitakiwa kuelewa muundo wa nambari. Alifunzwa seti. Kwa mfano, iwapo wanafunzi 18 wanapenda ugali, 15 wanapenda wali, na 3 kati yao wanapenda vyote viwili, darasa hilo lina wanafunzi wangapi? Angechora duara mbili zinazopishana na kupata 30, wala si 33. Alifunzwa pia kuhesabu kwa vipeo tofauti, ambapo 52 ya kawaida huandikwa 202 katika kipeo cha tano.

Walimu wengi, ambao wenyewe walikuwa wamelelewa kwa kukariri, walitatizika kuyafunza mambo hayo. Wazazi nao walilalamika kwamba watoto wao walijua duara za seti lakini hawakuweza kuhesabu chenji ya dukani. Mnamo 1981, serikali iliiondoa hisabati ya kisasa shuleni.

Lakini fikra zenyewe hazikuwa na kasoro. Matriki na vekta zilisalia katika silabasi ya sekondari, na kompyuta za leo hufanya kazi kwa kipeo cha pili. Lililokosekana ni kumwandaa mwalimu kabla ya kumkabidhi kitabu.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, hesabu za matumizi ya kila siku zilirejea kwa kishindo. Aidha, mtihani ulitawala kila kitu. Karatasi ya Hisabati ya KCPE ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Msahihishaji hakuona njia, aliona jibu tu. Haikushangaza basi kwamba shule nyingi ziligeukia mazoezi ya mitihani ya miaka iliyotangulia.

Jitihada za kubadili hali hiyo zilifanywa mwaka wa 1998, serikali ilipoanzisha mradi wa SMASSE kwa ushirikiano na shirika la Japan la JICA. Walimu wa Hisabati na sayansi wa sekondari walirudi darasani kujifunza kumshirikisha mwanafunzi badala ya kujaza ubao. Mnamo 2001 adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku. Miaka miwili baadaye elimu ya msingi ikawa bila malipo, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka shuleni. Katika madarasa yaliyofurika, kumsikiliza kila mtoto akieleza njia yake kulikuwa kibarua kigumu.

Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umerejesha ndoto ile ya kumfanya mtoto aelewe. Ndiyo maana daftari lake lina mistari ya nambari, vizibo vya chupa na vijiti. Hata umuhimu wa somo lenyewe ulizua mjadala, pale ilipopendekezwa lisiwe la lazima katika Sekondari Pevu. Kufuatia malalamishi, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza Aprili 2025 kwamba kila mwanafunzi angesoma Hisabati: ya kina kwa wanaochagua sayansi na teknolojia, na ya msingi kwa wengine.

Kukariri na kuelewa si maadui. Mtoto asiyejua kwamba 7 mara 8 ni 56 atachoka kabla ya kufika kwenye fikra, na anayejua hilo pekee atakwama swali likigeuzwa kidogo. Wakenya husifu mitaala au kuilaani, lakini vyaelea vimeundwa, na muundaji ni mwalimu. Yaliyotokea mwaka wa 1981 yanaweza kutokea tena iwapo atasahaulika.

Mzazi naye asifute kazi ya mtoto kwa sababu haifanani na yake. Amwambie kwanza aeleze amefikaje hapo.