Wati Elfu Moja za Kwenye Boksi

Mteja anaingia duka la Kariakoo, anaokota kispika cha kubeba mkononi, kile cha flashi, memori kadi na redio. Kabla hata hajakiwasha anauliza: "Kina wati ngapi?" Muuzaji hajibu, anagonga tu boksi kwa kidole: PMPO 1000W. Biashara imekwisha. Wiki mbili baadaye kispika kiko juu ya meza ya fundi, kinakoroma, na mwenyewe analalamika kauziwa feki.

Kispika si feki. Feki ni ile namba.

Pasi ya umeme ya nyumbani ina wati kama 1,000, na kila anayenunua umeme wa Luku anajua inavyokula uniti. Sasa kitu cha ukubwa wa nusu tofali kizitoe wapi? Betri yake ya volti 3.7 yenye mAh 1,200 inabeba wati-saa 4.4 basi. Kama kweli kingetoa wati 1,000, betri ingekata baada ya sekunde 16. Mwimbaji hajafungua kinywa. Lakini boksi hilohilo linajisifu kwamba muziki unapiga saa nne. Gawa 4.4 kwa 4: inabaki wati moja na ushee. Ushahidi umechapishwa upande wa pili wa boksi, na hakuna anayeugeuza.

Anayebisha afungue skrubu. Nyuma ya sumaku ya spika mara nyingi kumeandikwa om 4, wati 3. Kwenye bodi kuna chipu ya miguu minane ambayo, ikipewa volti 5, hufikia wati 3 hivi, tena sauti ikiwa tayari inachana.

PMPO, yaani nguvu ya kilele ya muziki, haina kipimo kinachokubalika kimataifa, kwa hiyo kila kiwanda kinajipimia kwa kibaba chake. Marekani ilichoshwa na chumvi za namna hii zamani; mwaka 1974 iliweka kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu za vikuza sauti vya nyumbani. Namba ya kuangaliwa ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ya mfululizo, nayo isiabudiwe: wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie kama imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika wati kama mara kumi. Anayeongeza hela ili atoke wati 3 aende 5 ananunua tofauti ambayo majirani hawataisikia.

Na ile ya "kichaji saa 8 kwanza kabla ya kukitumia"? Ni masharti ya betri za nikeli za enzi hizo. Ya lithiamu ikijaa kwenye volti 4.2, saketi ya chaji inakata. Yanayobaki ni kukesha na waya tu.

La maana ni kwenda dukani na flashi yako, yenye nyimbo unazozijua: taarabu kwa ajili ya fidla, singeli kwa ajili ya besi. Sauti ipandishwe mpaka mwisho kwa wimbo mzima; plastiki ikitetemeka, rudisha. Sikiliza kimya kati ya wimbo na wimbo kama kuna mvumo. Zima, washa: kinaendelea kilipoishia au kinaanza wimbo wa kwanza? Betri iwe ya kuchomoka, zile za BL-5C zinapatikana kila kona. Tundu la Type-C lijaribiwe kwa waya wenye C pande zote mbili, maana vingi vya bei rahisi hukubali ule wa USB ya kawaida tu. Flashi isiposomwa usiitupe. Huenda inataka kufomatiwa kwa FAT32. Memori kadi ya GB 64 ya bei ya kutupa ijazwe nyimbo mpaka pomoni kabla ya kuaminiwa, kwani nyingine hudanganya ukubwa wake na kuharibu zilizotangulia.

Kikipita hapo, chukua na udai risiti, hata kama boksi limeandikwa wati 3.