Bureti 10, wanafunzi 60

Mtihani wa Kidato cha Pili ukishapita, katika sekondari nyingi za Tanzania huanza mazungumzo ya nani anabaki na kemia na nani anaiacha. Hisabati na biolojia hazijakuwa na mjadala kwa muda mrefu. Kemia na fizikia ndizo zimekuwa za hiari kwa miaka mingi. Anayeiacha kemia huitwa mvivu, au mwoga wa moli. Si haki. Wengi wao wamepiga hesabu, tena wameipiga sawasawa.

Mtihani wa kemia wa Kidato cha Nne una karatasi ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Nusu ya hizo 50 hutoka kwenye titresheni, zoezi la kudondosha asidi kwenye besi kutoka mrija wa kioo wenye koki uitwao bureti, na hapo kila mtahiniwa husimama na bureti yake, peke yake.

Sasa tuchukue darasa la wanafunzi 60 katika shule yenye bureti 10. Titresheni moja ni mzunguko wa kujaribia na mingine mitatu ya kurekodi. Kwa mkono usiozoea, dakika 40 zimekwisha. Vipindi viwili vilivyounganishwa ni dakika 80, kwa hiyo wanafanya watu 20. Darasa zima litahitaji siku tatu za maabara kwa zoezi moja tu. Mwalimu anaitazama silabasi, anawapanga sita sita. Mmoja anashika koki, mmoja anaandika, wanne wanachungulia. Hao wanne wanajua kabisa kwamba siku ya mtihani hakutakuwa na wa kuchungulia.

Wazazi wengi hudhani kinachokwamisha ni bei ya kemikali. Tupime. Kila mzunguko hutumia kama mililita 25 za besi, na mizunguko minne ni mililita 100. Kwa wanafunzi 60 ni lita 6. Haidroksaidi ya sodiamu yenye ukali wa moli 0.1 kwa lita ni gramu 4 kwa kila lita: jumla gramu 24. Asidi ya hidrokloriki iliyokolea, ile ya moli 12 kwa lita, inatakiwa mililita 50 tu, ambazo hazijazi kikombe cha kahawa. Hata nitrati ya fedha, inayolalamikiwa sana kwa ughali wake, kila mwanafunzi akipewa mililita moja ya myeyusho wa moli 0.1 kwa lita, darasa lote linamaliza gramu 1.

Kinachopungua basi ni vyombo vya kioo, dakika, na fundi sanifu wa maabara. Asipokuwepo huyo, mwalimu ndiye anayechanganya asubuhi na kuosha jioni, na zoezi linalofuata linasogezwa mbele hadi Kidato cha Nne.

Na mlango anaoufunga kijana wa miaka 15 au 16 ni mkubwa. Bila kemia hakuna michepuo ya Kidato cha Tano ya PCM, PCB wala CBG. Hata stashahada ya uuguzi, utabibu au famasia hudai angalau D ya kemia. D huanzia alama 30 kwa 100, wakati vitendo peke yake ni theluthi ya mtihani. Inaniuma kwamba alama zilizo karibu zaidi na mikono ya mtoto ndizo zinazomtisha.

Shule ile ikiongeza bureti 20 itakuwa nazo 30. Darasa lile lile la 60, likigawanywa mara mbili, linamaliza titresheni ndani ya dakika zile zile 80, na kila mmoja ameshika koki kwa mkono wake.