Mafuta Yakivuja Katika Shokamzoba za Mbele za Pikipiki

Mijini na mashambani nchini Kenya, pikipiki ni chombo cha kazi. Hubeba wagonjwa na wanafunzi, maziwa na magunia ya viazi, na mara nyingi riziki ya nyumba nzima hutegemea magurudumu yake mawili. Kwa hiyo yafaa kila mwenye pikipiki ajue hatari ya jambo moja ambalo wengi hulidharau, nalo ni mafuta yanayovuja katika shokamzoba za mbele. Hayo si uchafu tu wa kupanguswa kwa kitambaa. Yakiteremka mpaka kwenye breki, dereva aweza kushika breki na gurudumu lisisimame.

JINSI ZINAVYOFANYA KAZI

Kila upande wa gurudumu la mbele una mabomba mawili, moja likiingia ndani ya jingine. La ndani limepakwa kromiamu, nalo ni laini kama kioo. La nje hushika ekseli ya gurudumu. Ndani mna springi na mafuta. Gurudumu linapoingia shimoni springi hubonyea, na mafuta hulazimika kupita katika vitundu vidogo. Ndiyo sababu pikipiki hairukiruki kama mpira. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki zenye shokamzoba za namna hii mwaka wa 1935, na njia hiyo ikaenea duniani kote.

Mahali mabomba yanapokutana pana pete ya mpira, ambayo mafundi huiita sili. Ukingo wake mwembamba hulikumbatia bomba la kromiamu na kuyazuia mafuta yasitoke. Juu yake ipo pete nyingine ya kuzuia vumbi.

KWA NINI HUVUJA

Ni kweli kwamba mpira huchakaa, ukakauka na kupasuka. Lakini mara nyingi ziko sababu nyingine. Vumbi la barabara na matope yaliyokauka huingia chini ya ukingo wa sili na kuuinua kidogo. Au bomba lenyewe lina kutu au mkwaruzo, nao hukata mpira kila linapopanda na kushuka. Au bomba limepindika kwa ajali. Hapo ndipo fedha hupotea bure: mtu hununua sili mpya akaitia juu ya bomba bovu, na baada ya muda mfupi mafuta huvuja tena. Humlaumu mwenye duka, kumbe ugonjwa wenyewe haukutibiwa.

CHUNGUZA KABLA YA KUNUNUA

Pangusa bomba likauke, shika breki ya mbele, kisha ukandamize usukani mara kadhaa. Unyevu mdogo si neno. Lakini mafuta yakifanya mviringo mzito au kutiririka, sili haizuii tena. Inua pete ya vumbi usafishe. Kata ukanda mwembamba wa plastiki laini, uupenyeze taratibu kati ya sili na bomba, uuzungushe pande zote, na uchafu utatoka nao. Usitumie bisibisi wala waya. Uvujaji ukikoma, huna haja ya kununua kitu.

Usipokoma, pitisha ukucha juu ya bomba. Mkwaruzo mdogo waweza kulainishwa kwa msasa laini sana uliolowanishwa. Kutu iliyochimba haina dawa ila bomba lipakwe kromiamu upya au libadilishwe.

SILI IKIBADILISHWA

Kazi hii ni ya fundi, lakini mwenye pikipiki aangalie mambo haya:

1. Pikipiki itegemezwe imara, gurudumu la mbele likiwa hewani. Kizibo cha juu kifunguliwe polepole, kwani springi iliyobanwa yaweza kukirusha usoni.

2. Sili zibadilishwe pande zote mbili.

3. Ncha ya bomba ifunikwe kwa nailoni, na sili ipakwe mafuta, ili ukingo usikatwe. Iingizwe sawasawa, isigongwe upande mmoja.

4. Mafuta yawe ya aina na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki hiyo, na pande zote mbili zilingane. Yakizidi, hewa hubanwa mno ndani na kuitesa sili mpya.

5. Mafuta yakiwa yamefika kwenye breki, sahani yake isafishwe kabisa kwa dawa ya breki, na pedi zilizolowa zitupwe. Kuzipangusa hakutoshi, maana zimekwisha kuyanywa mafuta.

Mafuta ya zamani yakusanywe katika mkebe, yasimwagwe mtoni wala shambani.

Baada ya hapo, utunzaji ni mwepesi. Kila jioni pangusa mabomba kwa kitambaa chenye maji kabla matope hayajakauka, wala usipakie mzigo kupita kiasi. Abiria aliyeketi nyuma hawezi kuyaona mabomba ya mbele. Amemwachia dereva kazi hiyo.